Risasi Moja, Njia Mbili

Sisi tuliozaliwa Kasulu, na tulio na ndugu kule Kibondo, tunalijua ganda la risasi ya SMG kuliko tunavyopenda kukiri mbele ya wageni. Ni kikopo chembamba chenye urefu wa karibu milimita 39, na shingo yake imebanwa kidogo ili ishike kichwa cha risasi. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi kando ya barabara waliliokota, wakalipuliza kama filimbi. Mama aliyeisikia filimbi ile hakufurahi. Aliinyakua na kuitupa chooni, kwa maana sauti yake ilimweleza kwamba watu wenye silaha walipita karibu na nyumba yake.

Leo napenda kukueleza, ndugu msomaji, habari ya ganda hilo ambayo wengi wetu hatukupata kuisikia. Mbali na kwetu, mikononi mwa watu wawili wenye subira, umbo la ganda hilo liligeuzwa likawa mzazi wa risasi ya michezo inayosifiwa kwa shabaha kuliko karibu zote za masafa mafupi. Naieleza kwa sababu imenilazimu kuieleza kwanza nyumbani kwetu, kwa kijana ambaye jibu langu lilikuwa na uzito kwake.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesimama mbele ya mashine ya kukereza katika karakana moja ya Dar es Salaam, nikitengeneza shafti, busha na gia za mashine za watu. Kazi hiyo haina uhusiano na bunduki, wala sijapata kumiliki hata moja. Lakini fundi hupenda kujua kazi ya fundi mwenzake popote alipo, na ndivyo nilivyokutana na habari za Wamarekani wawili, Ferris Pindell na Louis Palmisano. Wa kwanza alikuwa fundi wa vifaa na kalibu za chuma. Wa pili alikuwa daktari mpasuaji wa mishipa ya damu. Kilichowakutanisha ni mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani.

Katika mashindano hayo mlengaji hakimbii wala hanyemelei. Huketi mbele ya meza nzito isiyotikisika, na bunduki yake hulazwa juu ya vifuko vya mchanga. Mbele yake, umbali wa mita 91 hivi, kuna karatasi. Hupewa dakika 7 za kupiga risasi 5. Baadaye waamuzi hupima upana wa kundi la matundu, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile lililo mbali nalo zaidi, na mwenye kundi dogo ndiye mshindi. Miongoni mwa mabingwa, kundi lenye upana wa milimita 6 laweza kumwacha mtu nyuma ya wenzake. Risasi zote 5 huacha kitu kinachofanana na tundu moja lililochanika kidogo ukingoni. Uwanjani husimamishwa vibendera vingi, kwa kuwa hata upepo usiotikisa jani la mgomba hutosha kuisogeza risasi pembeni.

Kwa muda mrefu mfalme wa meza hizo ilikuwa risasi iitwayo .222 Remington, iliyotoka kiwandani mwaka 1950. Lakini upande wa pili wa dunia Warusi walikwisha kuichukua risasi yao ya kijeshi ya 7.62 kwa 39, iliyobuniwa mwaka 1943 na ambayo ndiyo chakula cha SMG, wakaibana shingo ili ishike kichwa chembamba cha milimita 5.6. Waliitumia kuwindia kulungu, na pia katika mashindano ya kulenga sanamu ya mnyama inayopitishwa mbio mbele ya mlengaji. Kwa watu wa Magharibi ikaitwa .220 Russian.

Mwaka 1975 Palmisano na Pindell wakalichukua ganda hilo la Kirusi, lililokwisha kugeuzwa mara moja, wakaligeuza mara ya pili. Walisogeza bega lake mbele na kulipa mwinamo wa nyuzi 30, wakaunyoosha mwili wake, kisha wakaipanua shingo ili ishike kichwa cha milimita 6. Wakaliita PPC, kwa herufi za majina yao. Watu waliozoea risasi za viwanda vya kwao walipaswa sasa kushindana na kitu kilichozaliwa kutokana na risasi ya jeshi la Kirusi, na tena katika miaka ambayo Marekani na Urusi zilikuwa zikitazamana kwa jicho baya. Haukupita muda mrefu wakaanza kuitumia wenyewe.

Namna ya kuligeuza ganda hilo humfurahisha mtu yeyote wa karakana. Halifuliwi kwa nyundo. Ganda jipya la shaba, aghalabu lililotengenezwa Finland, huwekwa ndani ya bunduki ambayo chumba chake cha risasi kimechongwa kwa umbo jipya. Risasi inapolipuka, baruti hulivimbisha ganda hadi likajaza kuta za chumba kile, na linapotoka limekwisha kuwa ganda jingine. Shingo yake hukerezwa kwa nje iwe na unene mmoja pande zote, na tofauti inayovumiliwa ni ndogo kuliko unene wa unywele. Tundu linalopitisha moto wa fataki ni dogo kuliko la kawaida. Baruti hukaa katika chumba kifupi na kinene badala ya kirefu na chembamba, na inaaminika kwamba kwa sababu hiyo huwaka kwa namna moja kila mara. Kichwa chenyewe kina uzito wa gramu 4 na ushei, ilhali kile cha SMG kina karibu gramu 8.

Zingatia, msomaji, kwamba hata maada ilibadilika. Maganda mengi ya kijeshi ni ya chuma kilichopakwa rangi au shaba juu juu, maana jeshi hutaka wingi na urahisi. Ganda la mashindano ni shaba, ambayo huvimba na kurudi bila kupasuka, na mwenye nalo hulitunza na kulijaza baruti upya mara nyingi. Kilichobaki cha mzazi ni kitako chenye upana wa milimita 11 hivi na urefu unaokaribiana. Mengine yote yaliletwa na watu waliokuwa tayari kupima kabla ya kukata.

Sasa turudi kwetu. Mwaka ule ule wa 1975, usiku wa tarehe 19 Mei, watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, wakawateka wanafunzi wanne wa utafiti waliokuwa wakifanya kazi Gombe. Wote waliachiliwa hatimaye, lakini mkoa mzima ulijifunza kwamba bunduki haina haja ya pasi ya kusafiria. Kisha ukaja Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, na maelfu kwa maelfu ya watu wakaingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta wengine. Majina ya Mtabila, Nduta, Mtendeli na Nyarugusu yakawa maneno ya kila siku katika redio.

Napenda kusema jambo hili bila kuzungukazunguka. Wakimbizi niliowaona kwa macho yangu walibeba mikeka, sufuria na watoto. Aliyebeba SMG ni mwingine, na huyo hakuwa na taifa moja. Alikuwamo aliyevuka mpaka, na alikuwamo aliyezaliwa kijiji jirani na chetu. Lakini matokeo yalimpata kila mtu. Kwa miaka mingi mabasi ya kati ya Kasulu na Kibondo yalisubiriana ili yapite porini pamoja, yakisindikizwa na askari. Dada yangu, ambaye ni mchuuzi wa maharage, alijifunza kushona fedha ndani ya kanga aliyombebea mtoto. Mtoto yule aliyelala juu ya fedha za maharage ndiye mpwa wangu, na ndiye niliyemtaja hapo mwanzo.

Kijana huyo ana mkono wa chuma. Ameurithi kwa baba yetu mkubwa, aliyekuwa mhunzi wa majembe, visu na, hapana haja ya kuficha, magobore. Gobore ni mgeni wa siku nyingi katika nyanda zetu. Misafara ya Ujiji ya karne ya kumi na tisa ilileta bunduki za kushindilia baruti kwa mdeki, nyingi zikiwa zile ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuzichoka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipozuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, zile kuukuu ndizo zilizobaki kwa wenyeji, na wahunzi wakajifunza kuzitengeneza na mwishowe kuziunda upya. Baba mkubwa alikuwa fundi wa kubahatisha kwa jicho, na jicho lake lilikuwa kali. Alimlindia jirani shamba la mahindi dhidi ya nguruwe na nyani, akalipwa debe la mahindi.

Lakini jicho lina mpaka wake. Nilikuwa darasa la nne gobore la jirani yetu lilipopasuka. Halikuwa la kufuliwa na baba mkubwa, ila hilo halikumsaidia yule mzee, ambaye tangu siku ile alishika jembe kwa mkono mmoja na kwa vidole viwili vya mkono wa pili. Baba mkubwa alikwenda kulitazama bomba lililochanika. Alilishika kwa muda mrefu, akalirudisha, akasema tu, "Moto haukupewa nafasi." Baada ya hapo hakuunda tena gobore, alifua majembe hadi alipofariki.

Miaka miwili iliyopita mpwa wangu alinipigia simu usiku. Alikuwa amemaliza mafunzo ya ufundi, ana kibanda chake cha kuchomelea vyuma Kasulu, na kazi zilikuwa chache. Alianza kwa salamu ndefu, nikajua kuna jambo.

"Mjomba, shikamoo. Kuna bwana amenijia na gobore. Anataka niligeuze litumie risasi za SMG. Analeta shilingi laki tatu."

Nilimuuliza bwana huyo ni nani. Akasema hamfahamu, huja magharibi na huondoka kabla taa hazijawashwa. Nikamuuliza kama mama yake anajua. Akanyamaza. Nilielewa ukimya ule, kwa sababu mdogo wake alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa michango, na laki tatu zingelimaliza jambo hilo kwa siku moja.

Kisha akasema lile ambalo halikuniacha nilale. "Mjomba, nimeona kwenye simu. Wamarekani wanalichukua ganda hili hili la SMG, wanaligeuza, wanapewa vikombe. Palmisano yule ni bingwa. Mimi nikigusa, ni jambazi. Ganda si ni moja?"

Swali lile halikuwa la kipumbavu, wala sikutaka kulijibu kwa kumkemea. Kijana aliyekwisha kufika hapo alistahili hoja.

Nilianza na chuma, maana hiyo ndiyo lugha yetu sote wawili. Nilimwambia kwamba risasi ya SMG inapolipuka, msukumo ndani ya ganda hufikia zaidi ya mara 1,000 ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo. Bunduki iliyoundwa kwa risasi hiyo imetengenezwa kwa chuma teule, ikapikwa kwa joto linalojulikana, ikajaribiwa kwa risasi kali kuliko za kawaida kabla ya kukabidhiwa mtu. Gobore liliundwa kwa baruti nyeusi, inayosukuma kwa nguvu ndogo mno kulinganisha na hiyo, na mara nyingi mtutu wake ni bomba lililokusudiwa kupitisha maji. Pindell na Palmisano waligeuza ganda, lakini hawakulitia katika kitu kisichoweza kulibeba. Bunduki za meza ni nzito, zenye kufuli nene kuliko za jeshi. Walijua moto utapewa nafasi kiasi gani. Nilipotamka maneno hayo nilimsikia akivuta pumzi, kwa sababu habari ya mzee wa vidole viwili huelezwa katika ukoo wetu hadi leo.

Halafu nilimweleza juu ya kupimwa hadharani. Mlengaji wa mezani hupeleka karatasi yake kwa waamuzi, na washindani wake husimama hapo wakitazama. Jina lake limeandikwa, bunduki yake imepimwa uzito, ganda lake limehesabiwa. Akikosea, kila mtu anaona. Yule bwana wa magharibi hakutaka hata jina lake lijulikane, wala hakusema gobore lile lingelenga nini. Fundi asiyeambiwa shafti inakwenda kwenye mashine gani huikataa kazi, kwa kuwa hawezi kujua kipimo. Nilimwuliza, je, kwa nini aikubali hii?

Mwisho nilimkumbusha sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu asiye na leseni kuunda wala kugeuza silaha, na mwenye gobore halali ni yule aliyelisajili. Sheria hiyo haikutungwa ili kuwanyima vijana wa Kasulu ustadi wao. Ilitungwa katika nchi inayopakana na vita vya wengine, na mabasi yetu yaliyosindikizwa porini yalikuwa miongoni mwa ushahidi wa haja yake.

Hata hivyo, ndugu msomaji, nisingekuwa mkweli kama ningemwambia kwamba ulimwengu ni wa haki katika jambo hili. Daktari wa Marekani alikuwa na fedha, uwanja, na wenzake wa kushindana nao mchana kweupe. Kwetu, kulenga shabaha ni mchezo wa majeshi. Hushindaniwa katika mashindano ya BAMMATA, na kijana wa kawaida wa Kibondo huishia kuusikia. Mpwa wangu ana jicho na mkono ambao katika nchi nyingine ungemkalisha mezani pamoja na mabingwa. Hapa, mtu wa kwanza kuutambua mkono huo kwa fedha taslimu alikuwa mtu asiyetaka kuonekana. Jambo hilo lapaswa kutuuma sisi wakubwa kuliko linavyomuuma yeye. Tunawaonya vijana wasifanye kazi mbaya, lakini kazi nzuri yenye kuhitaji akili ile ile hatuwapelekei.

Kwa hiyo sikumwachia onyo tupu. Nilimwomba anipe wiki moja. Nilizungumza na ndugu zangu, na michango ya mdogo wake ikalipwa na watu watano, kila mmoja kwa uwezo wake. Kisha nikamtafutia kazi. Wakamuaji wa mawese kule kando ya ziwa hutumia mashine za parafujo zinazokamua chikichi, na parafujo hizo hulika upesi kwa sababu hukerezwa bila kipimo. Upande mmoja unagusa ukuta, upande wa pili unaacha mafuta yarudi nyuma. Nilimtumia kipimo changu cha zamani cha venia na mikromita, nikamwambia ajifunze kupima kwa mia za milimita, kama wanavyofanya wenye kukereza shingo za PPC.

Yule bwana alirudi mara mbili. Mara ya kwanza mpwa wangu alimwambia hajui kazi ile. Mara ya pili dada yangu alikuwepo kibandani, amekaa juu ya gunia la maharage, akamkaribisha kwa sauti ya kusikika na majirani: "Karibu, baba! Umeleta nini, tukione sote?" Hakuonekana tena. Mpwa wangu alikwenda kueleza jambo lile kituoni, akiwa amefuatana na mama yake, na hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe.

Laki tatu hazikurudi. Parafujo ya kwanza ya mawese ilimpatia fedha kidogo sana, na ya pili aliiharibu ikabidi aikereze upya kwa hasara. Kwa sasa ameitengeneza ya saba. Juma lililopita alinipigia kuniambia kwamba uwazi kati ya parafujo na ukuta wake ni ule ule pande zote nne, ila kipimo kinaonyesha tofauti ndogo ikiwa chuma kimepata moto. Alitaka kujua kama apime asubuhi au mchana. Nimemwambia apime nyakati zote mbili, aandike.